Swali Lililo Katika Zaburi ya 121

Aya ya kwanza ya Zaburi ya 121 husomwa mara kwa mara katika makanisa yetu ya Usambara, na mara kwa mara husomwa vibaya. Msomaji husimama, huyataja macho yanayoinuliwa kuelekea milimani, kisha huutaja msaada kwa pumzi ile ile, bila kituo, kana kwamba msaada huo unateremka kutoka vileleni kama maji ya kijito. Wasikilizaji nao hufurahi, maana ni watu wa milimani, na ni nani asiyependa kusikia kilima chake kikisifiwa madhabahuni? Lakini yule aliyeitunga Zaburi hakusema hivyo. Yeye aliuliza. Na katika swali lake ndimo ulimo uzito wote wa aya hii. Tukiliondoa swali, wokovu unahamishwa. Unatolewa mkononi mwa Mungu na kuwekwa juu ya mawe.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni me'ayin, yaani "kutoka wapi". Waandishi wa kale wa Kiebrania hawakuwa na alama ya kuuliza kama tuliyo nayo sisi. Neno lenyewe ndilo lililokuwa alama. Martin Luther, ambaye Biblia yake nzima ilipigwa chapa mwaka 1534, aliifasiri aya hii kwa namna ya kuufanya msaada utoke katika milima yenyewe. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 nao hawakutia alama ya kuuliza, na wasomaji wengi wakaielewa vivyo hivyo. Wamisioni wa Bethel waliofika Mlalo mwaka 1891 walikuwa watu wa Biblia ya Luther. Walikuja na maneno hayo ya milima, wakayakuta milima. Baadaye wataalamu walirudi kwenye Kiebrania. Biblia ya Luther ilipopitiwa upya katika karne ya 20, maneno yale yaliandikwa kuwa swali. Na Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ambayo wengi wetu twaitumia, inayo alama ya kuuliza. Basi msomaji wetu hana udhuru, kwa kuwa alama ipo mbele ya macho yake.

Hata hivyo, tusiwahukumu wazee wale kwa haraka. Zaburi hii ni moja katika zile 15, tangu ya 120 hata ya 134, zinazoitwa nyimbo za kupanda, na walimu wengi husema kwamba ziliimbwa na watu waliokwea kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Mji ule umejengwa juu ya milima, na hekalu lilikuwa juu ya mlima. Mtu aliyeiona Sayuni kwa mbali aliweza kusema, bila kukosa adabu, kwamba msaada wake u kule juu. Lakini tazameni jibu lililo katika aya ya pili. Halitaji Sayuni, wala hekalu, wala mlima wowote. Linamtaja Bwana, na kumweleza kwa kazi yake moja tu, kwamba yeye ndiye aliyezifanya mbingu na nchi. Ikiwa ameifanya nchi, basi na milima ameifanya yeye. Mwenye kuuliza aliinua macho hata vileleni. Mwenye kujibu alimwambia ayainue zaidi.

Tena milima ya njia ile haikuwa mahali pa amani. Bwana Yesu mwenyewe, alipotaka kusimulia habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, alimweka katika njia iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Tena juu ya vilima vingi palikuwa na madhabahu za miungu mingine, na msafiri aliyechoka aliweza kushawishika kugeuka upande akaombe huko. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 18, twasoma jinsi Eliya alivyosimama juu ya mlima Karmeli akiwadhihaki manabii wa Baali, akiwaambia walie zaidi, huenda mungu wao amelala. Kumbukeni dhihaka hiyo msomapo aya ya tatu na ya nne za Zaburi yetu, zinaposema kwamba Mlinzi wa Israeli hasinzii. Mwimbaji anachagua, kati ya miungu ya vilima ilalayo na Mungu asiyelala.

Sisi wa Usambara twaweza kuuelewa uchaguzi huo kuliko watu wa nchi tambarare. Atokaye Mombo akaikabili milima, akaifuata barabara inayopinda-pinda kupitia Soni hata Lushoto, penye mita kama 1,400 juu ya bahari, hana haja ya kuelezwa maana ya kuinua macho. Wala hatukanushi kwamba milima hii imewasaidia wazee wetu. Hapo kale, adui walipotokea nyikani, watu waliokoka kwa kukaa juu. Migomba iliwalisha, na misitu ya Magamba na Shagayu iliwatunzia chemchemi. Lakini mlima haujui kwamba unasaidia. Humkinga mwenye haki, na mnyang'anyi akiupanda humkinga naye pia. Kwa hiyo wazee wetu hawakuishia kuutazama mlima. Walimtafuta mtu wa kukaa juu yake mwenye nguvu za kuwaokoa.

Habari za mtu huyo zajulikana kwa kila mtoto wa Kisambaa, na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu chake, Habari za Wakilindi. Husimuliwa kwamba Mbegha alitoka Nguu, naye alikuwa mwindaji wa nguruwe. Nguruwe walikuwa wakiyaharibu mashamba ya watu. Mbegha akawaua, akawagawia watu nyama. Kisha akamwua simba, na watu wakamfanya mfalme, na wafalme wa Vuga waliomfuata wakaitwa Simba. Tazameni jinsi hadithi hii inavyoeleza asili ya enzi. Mtu hakutawala kwanza ndipo akaokoa. Aliokoa kwanza, ndipo wakampa kutawala. Nguvu zake zilijulikana kwa sababu watu walilala usiku, wakaamka, wakakuta shamba liko salama.

Wasambaa wakaongeza neno jingine lenye hekima. Walisema kwamba mfalme aweza kuiponya nchi, kuzifya shi, na aweza kuiharibu, kubana shi, na kwamba nguvu zinazofanya haya mawili ni zile zile. Aliye na nguvu za kuleta mvua anazo na za kuizuia. Tena wakasema kwamba nchi huharibika pale panapokuwa na nguvu kwa nguvu, yaani wenye nguvu wawili wakishindania mahali pamoja. Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akiitawala nchi iliyofika hata pwani. Lakini Kimweri alipokufa mwaka 1862, wana na wajukuu wakapigana. Semboja, aliyekaa Mazinde karibu na njia ya misafara, alikuwa na bunduki. Na katika vita vile watu wa milimani walikamatwa wakauzwa utumwani. Uzao wa yule aliyeua nguruwe ndio sasa uliokuwa shambani ukila.

Waliokuja baadaye hawakuwa tofauti sana. Wajerumani walipoiteka nchi, mji wa Lushoto ukapewa jina la Kaisari Wilhelm, ukaitwa Wilhelmstal. Mwaka 1916 Waingereza wakauingia, na jina lile likaondoka pamoja na walioliweka. Utawala wa machifu nao ukafutwa na sheria ya mwaka 1963, baada ya uhuru. Milima ingali pale pale. Wenye nguvu juu yake wamepita mmoja baada ya mmoja. Anayeisoma Zaburi ya 121 akiwa amesimama Vuga, na kuliondoa swali lake, yampasa kwanza atuambie ni msaada wa nani kati ya hao anaoutumainia.

Sasa tuliangalie neno linaloibeba Zaburi yote. Katika aya nane, neno la Kiebrania shamar, yaani kulinda, limetumika mara sita. Mtungaji alikuwa na maneno mengine ya nguvu. Angeweza kumtaja Mungu apigaye, atetemeshaye, avunjaye mierezi, kama zinavyofanya Zaburi nyingine. Hapa hakufanya hivyo. Alichukua nguvu zilizozifanya mbingu na nchi, akazieleza kwa neno la mtu anayekesha. Twaona kwamba hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika Zaburi hii, nalo halijapata kuhubiriwa vya kutosha. Wengi wetu twapomfikiri Mungu mwenye nguvu, twafikiri ngurumo. Zaburi yatuambia tufikiri mlinzi wa shamba.

Na kulinda shamba twakujua. Mahindi yanapokomaa, mtu hukaa juu ya dungu mchana kutwa akifukuza ndege na tumbili, na usiku huwasha moto kwa ajili ya nguruwe. Kazi hiyo haina sifa. Hakuna amwonaye alindaye vema, maana matunda ya kulinda kwake ni kwamba hakuna kilichotokea. Lakini akisinzia saa moja tu, kazi ya miezi mingi imekwisha. Kila mwenye shamba ajua kwamba kuna walinzi wabaya wa namna mbili, yule anayelala na yule anayeyala mahindi aliyowekwa ayalinde. Miungu ya vilima ilikuwa ya namna ya kwanza, na wafalme wengi wamekuwa wa namna ya pili. Zaburi yamtangaza Mlinzi asiye wa namna hizo zote mbili. Halali, wala hali kilicho chetu, kwa kuwa vyote amevifanya yeye wala hahitaji kunyang'anya.

Hapa msomaji mwenye akili atatuuliza neno gumu, nasi hatutalikwepa. Aya ya tatu yasema kwamba mguu hautaachwa uteleze. Je, miguu haitelezi Usambara? Katika masika njia zetu huwa kama sabuni. Mama wa Kikristo ameomba asubuhi, ametwika kuni, ameanguka korongoni. Je, Mlinzi alisinzia? Wako wahubiri wanaojibu kwamba imani yake ilipungua. Jibu hilo ni la kikatili, tena halimo katika Zaburi hii. Hapana hata neno moja ndani yake linalopima imani ya anayelindwa.

Jibu letu ni hili. Kitabu kile kile cha Zaburi kina Zaburi ya 44, ambamo watu waliopigwa, wakisema kwamba hawakumsahau Mungu, wanamlilia aamke na kumwuliza kwa nini amelala. Waebrania hawakuifuta Zaburi ile ili hii ionekane kweli. Waliziweka zote mbili katika kitabu kimoja, wakaziimba zote mbili. Basi anayeimba kwamba Mungu hasinzii si mtu asiyeyajua mateso. Amekwisha kusikia, au hata kuimba mwenyewe, kilio cha Zaburi ya 44. Anasema hivyo usiku, kabla jua halijachomoza, kama mtoto aliye kibandani asemavyo kwamba baba yuko nje analinda, ingawa hamwoni, na sauti za nguruwe anazisikia. Nasi twamwamini Mlinzi huyo, si kwa kuwa hatujaanguka bado, bali kwa kuwa aya ya mwisho yaweka ulinzi wake tangu sasa na hata milele, na milele hiyo yapita korongo na kaburi.

Lipo jambo moja zaidi ambalo msomaji wa haraka huliruka. Katika aya mbili za kwanza anayesema ni "mimi". Tangu aya ya tatu anaambiwa "wewe". Sauti imebadilika. Wengine husema ni kuhani anayembariki msafiri. Wengine husema ni mwenzake wa njiani. Vyovyote iwavyo, aliyeuliza hakuachwa peke yake na swali lake. Alisikia neno la kulindwa kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Hii ndiyo desturi ya Mungu katika kuokoa: nguvu ni zake yeye, lakini habari zake hupitia kwa jirani. Vijana wetu hushuka kila mwaka kwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta kazi, na aya ya mwisho yataja kutoka na kuingia. Mzazi anayemsindikiza mwanawe hata stendi, asimwachie nauli tu. Amwambie pia neno hili kwa kinywa chake, maana kijana hawezi kujibarikia mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba wale wanaosoma makanisani, na walimu wafundishao watoto kusoma, wafanye jambo dogo. Wafikapo mwisho wa aya ya kwanza wapandishe sauti kama mtu anayeuliza kweli, kisha wanyamaze kidogo. Watu na wakae na swali hilo, wapate kuikumbuka milima yao na wote waliopata kuketi juu yake. Ndipo msomaji aisome aya ya pili kwa utulivu. Na ikiwezekana, aya ya tatu na zilizobaki zisomwe na mtu mwingine, aliyeketi upande wa pili wa kanisa, akimgeukia yule aliyeuliza.