Ganda la Homa ya Ini Lilivyobebeshwa Chanjo ya Malaria

Mbu akikudunga, vimelea vya malaria hupita kwenye damu kwa muda mfupi tu, kisha hujificha kwenye ini. Nafasi ya kuvinasa ni finyu. Juu ya kila kimelea kuna protini ambayo sehemu yake ya katikati hurudia asidi amino nne zilezile, tena na tena. Ukichanjwa kwa sehemu hiyo peke yake, kinga ya mwili huishtukia kwa unyonge. Inahitaji wa kuibeba.

Mwaka 1987, Ubelgiji, katika maabara za kampuni ambayo leo ni GSK, mbebaji alipatikana: protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B, iliyokuwa tayari ikizalishwa ndani ya hamira kwa ajili ya chanjo ya ugonjwa huo. Uzuri wake ni kwamba hujikunja na kushikana yenyewe, ikawa chembe ya duara ya nanomita zipatazo 22, isiyo na vinasaba vya kirusi na isiyoweza kuambukiza. Seli B ya mfumo wa kinga inapokutana na umbo moja limejipanga mara nyingi juu ya chembe kama hiyo, vipokezi vyake vingi hunaswa kwa mpigo, nayo huamka.

Lakini RTS,S, chanjo ya malaria iliyotokana na mbebaji huyo, ilikuwa na kasoro ya kimuundo. Kwa kila protini iliyounganishwa na kipande cha malaria, ziliongezwa takriban nne tupu za homa ya ini ili chembe isimame. Sehemu kubwa ya ganda ikawa ya mbebaji, si ya mzigo.

Watafiti wa Oxford walizitoa hizo tupu. Katika chanjo yao, R21, kila protini hubeba kipande cha malaria, na panya wa maabara waliochanjwa walitoa kingamwili chache mno dhidi ya ganda lenyewe. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe: mbebaji afanye kazi bila kujionyesha.

Katika majaribio ya awamu ya tatu, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo, R21 ilipunguza malaria kwa asilimia 68 hadi 75 katika mwaka wa kwanza. Wanaoilinganisha na asilimia 36 ya RTS,S wanakosea, kwani hiyo ilipimwa kwa takriban miaka minne. Vichocheo vya kinga navyo ni tofauti. Linalopimika bila ubishi ni kiasi cha protini: mikrogramu 25 kwa dozi ya mtoto katika RTS,S, 5 katika R21.