'Mtandao uko chini' ni kauli inayomfunga fundi mikono

Katika ofisi nyingi nchini, barua pepe ikikataa kufunguka, jibu huwa moja: "Mtandao uko chini." Wengine husema "netiweki inasumbua" au "sistimu imegoma". Wapo wanaoikosoa kauli hiyo ya kwanza kwa kuwa ni tafsiri sisisi. Ukosoaji huo ni wa haki, lakini hautoshi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inaficha ugonjwa ambao fundi ameitwa kuutafuta.

Kwanza, neno "mtandao" limebebeshwa mzigo mno. Ni intaneti, ni tovuti, ni nyaya za ofisini, ni kampuni ya simu, ni seva. Ilhali barua pepe hupitia hatua kadhaa. Programu hutafuta anwani ya seva, hubisha mlango, hukagua cheti chake cha usalama, kisha hutoa jina na neno la siri. Milango nayo ni tofauti. Aghalabu, kusoma kwa itifaki ya IMAP hupitia mlango nambari 993, na kutuma kwa SMTP hupitia 587. Ndiyo maana karani anaweza kupokea barua asiweze kutuma hata moja. Je, hapo mtandao uko chini? Hasha!

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, tunapuuza sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hutofautisha "imekatika" na "hukatika". Kiambishi -me- hutaja tukio lililotimia na ambalo athari yake ingalipo. Hu- hutaja mazoea. Kwa fundi, hizo ni hitilafu mbili. Iliyokatika hutafutwa papo hapo: waya umechomoka, seva imezimwa, neno la siri limebadilishwa. Lakini ile inayokatika na kurudi humchezea fundi. Akija, ati imekubali! Akienda, yaleyale. Dawa yake huanza na maswali yanayodaiwa na hu-: hukatika lini, kwa nani, na baada ya muda gani?

Majibu huelekeza. Hukatika baada ya tarakilishi kukaa kimya? Kanuni za IMAP huitaka seva imvumilie aliyenyamaza kwa angalau dakika 30, lakini kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti kinaweza kuukata uzi mapema bila kumwarifu yeyote. Humkataa mtu mmoja tu, tena mwenye simu, kipakatalishi na tarakilishi ya mezani zote zikisoma sanduku moja? Seva huweka kikomo cha miunganisho. Katika programu ya Dovecot, kikomo cha kawaida ni 10 kwa kila mtumiaji kutoka anwani moja, na kila kifaa chaweza kufungua kadhaa. Hukataa asubuhi kwenye mashine moja kuukuu? Tazama saa yake. Ikirudi nyuma miaka, cheti halali huonekana hakijaanza kutumika.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya mafundi. Naam, karani hahitaji kuijua IMAP. Anahitaji tu kusema alichokiona: "Barua pepe hukatika kila baada ya dakika 20, ghorofa ya pili pekee; tovuti zinafunguka." Sentensi hiyo moja inaokoa siku nzima. Programu nazo zina lawama. Ujumbe kama "Imeshindwa kuunganisha, jaribu tena baadaye" hautaji kilichoshindwa wala kilipokwamia. Mtumiaji anajaribu tena, na tena, hadi saa ya kufunga zabuni inapita.

Gharama ya uvivu huu wa lugha ni kubwa. Karani huonekana mzembe, fundi huonekana hajui kazi, na mwanafunzi anayengoja barua ya ufadhili huambiwa arudi kesho. Mbaya zaidi, wafanyakazi wakichoka huhamishia stakabadhi za siri kwenye anwani zao za kibinafsi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ofisi ziweke daftari mezani lenye safu tatu: saa, mtu, na kilichokataa. Wiki moja ya kuliandika itamwonyesha fundi mengi kuliko mwaka mzima wa "mtandao uko chini". Tena kiambishi hu- hakihitaji bajeti wala idhini ya mkurugenzi.