Mchanga, Makinikia, Marudio: Uhakiki wa Majina ya Mabaki ya Madini kwa Mifano ya Kisarawe na Kibaha

Uhakiki huu unachunguza majina yanayopewa mabaki ya uchimbaji madini Tanzania, na unadai kwamba neno "taka" hueleza bei ya kitu, si asili yake. Huko Pugu, wilayani Kisarawe, mawe-mchanga huoshwa ili kutenga kaolini, udongo mweupe utumiwao katika kauri na karatasi. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni mchanga wa kwatzi. Katika wilaya jirani ya Kibaha mchanga ndio bidhaa yenyewe, nao kisheria ni madini ya ujenzi.

Mjadala wa mwaka 2017 ulidhihirisha athari za mkanganyiko huo. Makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, yenye dhahabu, shaba na fedha, yaliitwa "mchanga", ilhali ni zao la uchenjuaji, si mabaki yake. Jina hilo liliamsha hasira ya umma, lakini lilififisha swali la msingi: kimo nini, na kwa kiasi gani? Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa wana msamiati makini zaidi: "magwangala" ni mawe yaliyotupwa na mgodi, "marudio" ni mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, unaorudiwa kwa sayanidi.

Hata hivyo, neno "marudio" halifai kuhamishiwa Kisarawe bila tahadhari: mchanga wa Pugu hauhitaji sayanidi, bali kusafishwa, kupangwa kwa ukubwa wa chembe na kupata mnunuzi wa karibu. Inahitimishwa kwamba istilahi za sera zianzie kwenye kilichomo katika rundo, kwani kisichotajwa kuwa madini ni vigumu kudaiwa mrabaha.