Safari ya Baba, Safari ya Watoto

Wasomaji wengi wa Safari ya Msafiri ya John Bunyan huishia sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1678. Mkristo anaukimbia Mji wa Uharibifu. Mkewe na wanawe wanamwita arudi, naye anaziba masikio na kwenda mbio akiulilia uzima wa milele. Mbio zile tumezihubiri sana. Mwaka huu nilikisoma kitabu hicho kwa sauti katika masomo ya nyumbani, na mwanangu wa miaka tisa akauliza, "Mama, na wale watoto je?"

Swali hilo ni zito. Bunyan mwenyewe alikaa gerezani Bedford takriban miaka 12 kwa kukataa kuahidi kwamba angeacha kuhubiri. Nyumbani aliacha watoto wanne, mmoja wao, Mary, kipofu. Gharama aliijua. Ndiyo maana katika Jumba Zuri Mkristo anaulizwa kwa nini hakuja na jamaa yake, naye analia.

Lakini machozi hayatoshi kuwa jibu. Jibu limo katika sehemu ya pili, ya mwaka 1684, ambayo mara nyingi huonekana dhaifu kwa kukosa kasi na hofu ya ile ya kwanza. Christiana anashika njia ileile pamoja na wanawe wanne. Mdogo analia kwenye mlima, kiongozi anamshika mkono. Mwingine anaugua kwa kula tunda la adui, daktari anaitwa. Mtu mnyonge anaogopa kuachwa nyuma, anaambiwa atangojwa. Msafara mzima unakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu.

Kwa hiyo huo unaoitwa udhaifu wa hadithi ndio fundisho lake. Sehemu ya kwanza yasema kweli: hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya mwenziwe. Ya pili yaongeza kweli nyingine: aliyeitwa hupewa na watu wa kutembea nao. Anayeshika ya kwanza peke yake aweza kuufanya wito wa Mungu kuwa kisingizio cha kuitelekeza nyumba yake, na makanisani mwetu wako watoto waliolelewa na upweke kwa jina la huduma.

Basi mzazi asikifunge kitabu Mkristo akishavuka mto. Afungue sehemu ya pili, aanze njia upya na watoto, polepole.