Saa ya Nyota, Saa ya Sayari

Badiliko lenyewe lilikuwa dogo: asilimia 4 hivi. Kwa asilimia hizo, mwaka 2003 Evgenya Shkolnik, Gordon Walker na David Bohlender walijenga hoja kwamba nyota HD 179949 inachokozwa na sayari yake, jitu la gesi linaloizunguka kila baada ya siku 3.09.

Darubini yao, yenye kioo cha mita 3.6, iko juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii. Hawakushughulika na mwanga wote wa nyota. Walikodolea macho mistari miwili myeusi ya kalsiamu kwenye ukingo wa zambarau, nanomita 393 na 397. Ukiusogelea mstari, unaona katikati yake kinundu chembamba cha mwanga. Kinundu hicho hutoka kwenye kromosfia, tabaka la gesi lililo juu ya uso wa nyota; usumaku ukichachamaa, nacho huinuka.

Taabu ni kwamba nyota ina vurugu zake. Inapojizungusha, maeneo yake yenye usumaku mkali hutujia na kutupa kisogo, na kinundu hupanda na kushuka bila msaada wa sayari yoyote. Basi swali likawa: kinafuata saa ya nani? Nyota hii huchukua zaidi ya siku 7 kujizungusha mara moja. Kinundu, kwa zile asilimia 4 zake, kilifuata saa ya sayari.

Hesabu ya vilele nayo ilisema jambo. Mtu wa pwani anajua bahari hujaa mara mbili kwa siku, kwani mvuto wa mwezi huinua maji upande unaoukabili na upande wa pili vilevile. Kama sayari ingeisumbua nyota kwa mvuto, tungeona vilele viwili kila mzunguko. Kilionekana kimoja, tena kikiitangulia sayari. Hiyo ni dalili ya usumaku: sayari imekaa karibu mno hivi kwamba msukosuko wake unaweza kupanda nyuzi za sumaku na kurudi hadi kwenye nyota, kinyume cha upepo wa nyota yenyewe.

Misimu mingine mwendo huo wa kufuata saa ya sayari ulitoweka. Watetezi wa hoja hiyo wakajibu kwamba usumaku wa nyota hubadilika. Inawezekana, ila nadharia inayoridhika mwendo huo ukionekana na usipoonekana ni ngumu kuinasa.

Ndiyo maana naipa uzito zaidi kazi ya Ekaterina Ilin na wenzake, ya mwaka 2025, kuhusu HIP 67522, nyota changa ya miaka milioni 17 hivi. Badala ya kupima kinundu, walihesabu milipuko. Satelaiti za TESS na CHEOPS zilinasa 15, na mingi ilisongamana karibu na wakati sayari yake, yenye mzunguko wa siku 7, inapopita mbele ya nyota. Milipuko hiyo hulipuka kuielekea sayari yenyewe iliyoichokoza, na kulichoma angahewa lake jepesi.