Mawingu Mazuri, Uso Hakuna

Kuna picha ya mahafali ambayo umeiona hadi umechoka. Anga ya buluu, mawingu kama pamba, Milima ya Iveti kwa mbali imekaa vizuri kabisa. Katikati kuna mtu amevaa joho. Ni nani? Huwezi kujua. Chini ya ukingo wa kofia kuna giza lenye meno. Mpiga picha ameiweka kwenye statasi ya WhatsApp, marafiki wamejibu kwa emoji za moto, na mwenye uso ananyamaza kwa sababu ashalipa.

Mimi nasema hiyo ni picha mbaya, na ubaya wake si wa jua. Nasema hivyo nikiwa na kesi yangu mwenyewe ya kujibu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokosekana. Siku ya mahafali ya wenzangu ilipofika nilienda pia, ila na kamera ya kuazima shingoni. Wa kwanza kunipa kazi alikuwa rafiki tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja. Akasimama na mamake, saa sita mchana, anga yote nyuma yao. Nikaweka kamera kwenye oto, nikabofya mara thelathini. Usiku nikafungua kompyuta: mawingu mazuri thelathini, nyuso mbili zimezama. Alilipa zote. Hakusema kitu. Afadhali angenitusi.

Kosa lilikuwa hili. Kipima mwanga cha kamera hakijui mahafali ni nini. Kinaangalia kilicho mbele yake na kujaribu kukipeleka kwenye kijivu cha wastani, kile cha karatasi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukijaza fremu na anga, kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza, uso unazama. Ukijaza fremu na joho jeusi, kinadhani giza limeingia, kinaongeza, shati jeupe linaungua. Sogeza kamera kidogo tu na hukumu inabadilika, ingawa mtu ni yule yule na jua ni lile lile.

Dawa iko mgongoni mwa kamera, karibu na kidole gumba. Nikon huandika AE-L, Canon huweka kinyota. Unamsogelea mtu hadi uso wake ujaze fremu, unabonyeza, kipimo kinafungwa. Unarudi nyuma, unapanga picha yako, unapiga. Kwenye simu nyingi unagusa uso kwenye skrini na kushikilia hadi ufunge. Ni sekunde tano tu, lakini ndani yake umeshaiambia mashine kwamba hapa mwenye sherehe ni huyu, si anga.

Shida ni kwamba mafunzo mengi ya YouTube yanakuacha hapo, nusu ya safari. Nilipojua kufunga, nilifunga kwenye uso kwa imani yote. Mteja mmoja, mama wa makamo, akaitazama picha ya binti yake kwa muda mrefu. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu umemtoa wapi?" Alikuwa sahihi. Kipima mwanga bado kilikuwa kinatafuta kijivu chake. Uso mweusi ukijaza fremu, nao kinauona kama giza la kurekebishwa, kinaupandisha hadi unafifia. Kwa hivyo ukifunga kwenye ngozi nyeusi, shusha kidogo. Mimi hushusha kati ya thuluthi mbili za stopu na stopu nzima, kulingana na mtu.

Hili la ngozi lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyoitwa "Shirley". Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba msukumo mmoja mkubwa wa kuboresha jinsi filamu zinavyoonyesha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri. Mbao zilisikilizwa. Ukitoka Machakos hii, kaunti ya wachongaji wa Wamunyu, utacheka, kisha utaacha kucheka. Mchongaji wa huko hahitaji kuambiwa kwamba weusi wa mti si kasoro ya kurekebishwa.

Wako walioweza bila kifungo chochote. Tazama picha za Seydou Keïta, aliyekuwa na studio Bamako, Mali, kuanzia 1948. Alitumia sana mwanga wa mchana uani kwake, shuka nyuma ya mteja, na kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mtu, maana filamu ilikuwa ghali. Nyuso ni nyeusi, na kila moja ina mwenyewe. Sisi tuna nafasi ya picha elfu kwenye kadi ndogo kuliko ukucha, na bado tunamwachia oto aamue.

Kwa hivyo nikihukumu picha ya mahafali siku hizi, siulizi kama ni kali au imetulia. Nauliza: hapa kimepotea nini, na nani aliamua kipotee? Ukiwa na kivuli cha mti au flashi, huenda ukaokoa vyote viwili, uso na anga. Usipokuwa navyo, saa sita ya Machakos itakudai kimoja. Mpiga picha mzuri anachagua. Mbaya anachaguliwa na kamera, kisha analaumu jua.

Mwaka uliofuata nilimwomba yule rafiki turudie, bila malipo. Akaazima joho, akaja na mamake Mulu Mutisya Gardens, nikawasimamisha tena kwenye mwanga ule ule mbaya, maana nilikuwa na deni nao. Nikamsogelea mama hadi akacheka kwa aibu. Nikafunga, nikashusha kidogo, nikarudi nyuma.

Picha imetundikwa sebuleni kwao. Anga imekuwa nyeupe pe, wingu hata moja halimo. Hadi leo hakuna aliyeyaulizia mawingu.