Kabla ya kuizika draivu ya tepu

Kuanzia Posta hadi Kariakoo, jijini Dar es Salaam, bado ziko ofisi zinazohifadhi nakala za data zao kwenye tepu, na zina sababu za msingi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, likatukumbusha kwamba nakala inayokaa jengo moja na seva inaweza kuteketea pamoja nayo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikazorota nchini, na aliyetegemea hifadhi ya mtandaoni peke yake akabaki anasubiri. Kaseti ya tepu hutoka nje ya jengo mkononi mwa mtu, na kuisoma hakuhitaji mkongo wowote. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Faida zote hizo zinategemea draivu inayoandika na kusoma sawasawa, na hapo ndipo ofisi nyingi hubahatisha.

Nichambue kazi moja. Mteja ni mfanyabiashara wa jumla mwenye ofisi ya hesabu katikati ya jiji na ghala Kariakoo. Seva yake ya bakapu ina draivu ya LTO-6, yaani kizazi cha sita cha tepu za LTO, na kaseti zikijaa hupelekwa kutunzwa ghalani. Bakapu ilikuwa inakwama usiku baada ya usiku, na taa ya kuomba usafi haizimi. Ofisini walishakubaliana kwamba draivu imekufa. Profoma ya draivu mpya ilikuwa mezani, imebaki saini tu.

Tatizo la tepu linaweza kutoka sehemu tano: draivu yenyewe, kaseti, kadi na kebo inayoiunganisha na seva, programu ya bakapu, au njia ambayo data hupitia kabla ya kuifikia tepu. Programu ya bakapu haizitenganishi. Inachosema ni kwamba imeshindwa kuandika. Kazi ya kutenganisha ni ya programu ya uchunguzi. Draivu za HPE zina Library and Tape Tools, za IBM zina IBM Tape Diagnostic Tool, na zote mbili hutolewa na watengenezaji bila malipo. Kwa hiyo kinachopungua kwa kawaida ni utaratibu wa kuzitumia.

Tulianza kwa kusimamisha huduma za programu ya bakapu. Hatua hii hurukwa sana. Programu mbili zikiigombea draivu moja, vipimo huleta makosa ambayo hayamo kwenye kifaa. Kisha tukaangalia kama seva inaiona draivu, kwa modeli yake na toleo la programu yake ya ndani. Draivu inayoonekana na kupotea humfanya fundi aishuku kwanza kebo au kadi. Hii ilionekana muda wote.

Pili, tulisoma kabla ya kupima. Draivu ya LTO hujiwekea kumbukumbu kupitia mfumo uitwao TapeAlert, wenye alama 64 za tahadhari. Namba 20 inadai usafi mara moja, namba 4 inaonya kuhusu kaseti, namba 30 inataja ubovu wa kifaa chenyewe. Namba 20 ilijirudia mno. Namba 30 haikuwepo hata mara moja. Ripoti hiyo tuliihifadhi kwenye faili papo hapo, kwa sababu baadhi ya hesabu hufutika draivu ikizimwa.

Hesabu za makosa nazo zinahitaji jicho tulivu. Kwenye LTO, kichwa cha kusoma hupita nyuma ya kile cha kuandika na kukagua kila kilichoandikwa. Penye kasoro, draivu huandika upya. Makosa yaliyosahihishwa ni sehemu ya kazi ya kila siku, na huwa habari pale tu yanapopanda ghafla. Kosa lisilosahihishika, hata likiwa moja, lazima lifuatiliwe.

Tatu ni usafi, na hapa tulikuta jambo ambalo kila ofisi ilichunguze. Kaseti ya kusafishia ina kikomo, aghalabu mara 50, na hesabu hutunzwa kwenye chipu iliyo ndani yake. Ya ofisi hii ilishamaliza idadi yake. Mhudumu akiiingiza, draivu huitambua na kuitema bila kusafisha. Yeye akiiona imetoka, anaamini usafi umefanyika. Tulipoweka mpya, taa ilizima.

Nne, tukaipima draivu peke yake kwa kaseti mpya tupu. Neno tupu lizingatiwe: kipimo cha kuandika hufuta kilichomo, kwa hiyo kaseti yenye data ya mteja isikaribie. Kaseti ya LTO-6 hubeba terabaiti 2.5, na draivu huandika megabaiti 160 kwa sekunde kwa data isiyobanwa. Kuijaza yote ni saa nne na dakika ishirini hivi. Programu ilitengeneza data yenyewe ndani ya seva na kuisukuma kwenye draivu. Ilijaza kaseti yote kwa mwendo unaotakiwa, bila kosa lisilosahihishika. Kuanzia hapo hapakuwa tena na hoja ya kununua draivu mpya.

Tukageukia kaseti za ghalani, safari hii kwa kusoma tu. Moja ilitoa makosa yasiyosahihishika. Tuliipeleka kwenye draivu nyingine nzima, ikatoa yaleyale. Kanuni ni hii: kaseti moja ikigoma kwenye draivu mbili, shuku kaseti, kaseti nyingi zikigoma kwenye draivu moja, shuku draivu.

Joto na unyevu wa jiji letu si jambo la kupuuza. Ndani ya kaseti ya LTO-6 kuna utepe wa mita 846, mwembamba chini ya mikroni 7, na watengenezaji wanataka itumike mahali ambapo unyevu hauzidi asilimia 80. Dar es Salaam ya Machi na Aprili inakipita kiwango hicho mara nyingi. Kaseti inayotoka kwenye ghala lenye joto na kuingizwa moja kwa moja kwenye draivu ndani ya chumba cha kiyoyozi inaweza kutoa makosa kwa kuwa utepe wake bado haujazoea joto na unyevu wa hapo. Tuliweka sharti kaseti ilale chumba cha seva saa 24 kabla ya kutumika.

Bado kukwama kwa bakapu kulikuwa hakujaelezwa. Hatua ya tano ilikuwa kupima mwendo wa data halisi, kwa kusoma mafaili kutoka seva ya hesabu kupitia mtandao wa ofisi. Draivu ileile iliyokimbia vizuri sasa ilipokea megabaiti 11 kwa sekunde. Namba hiyo inajieleza: ni mwendo wa mtandao wa megabiti 100, wakati vifaa vyote pale ni vya gigabiti. Tulifuata kebo hadi nyuma ya kabati. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa waya nne tu kati ya nane. Gigabiti hutaka jozi zote nne. Zikipatikana mbili, vifaa hushuka hadi megabiti 100 bila kulalamika.

Matokeo yake kwa tepu ni mabaya. Draivu za LTO hujua kupunguza mwendo, lakini kwa LTO-6 kiwango cha chini bado ni makumi ya megabaiti. Data ikija pungufu ya hapo, tepu husimama, hurudi nyuma, hujipanga na kuanza tena, usiku kucha. Kwenda na kurudi huko huchakaza utepe na vichwa na kuongeza uchafu, na draivu inadai usafi kila mara. Kwa mwendo ule, kujaza kaseti moja kungechukua zaidi ya siku mbili. Ndiyo maana asubuhi iliikuta kazi haijafika popote.

Dawa ikawa kebo mpya, kaseti ya kusafishia, na kaseti moja badala ya ile mbovu. Bakapu ikamalizika usiku uleule, na profoma haikusainiwa.

Nawasihi wenzangu wa TEHAMA mambo mawili. Endesheni vipimo hivi leo draivu ikiwa nzima na mtunze ripoti, ili siku ya matatizo mpate cha kulinganisha. Na kila mwezi rudisheni mafaili kadhaa kutoka kwenye tepu, muyafungue, muyasome. Programu ya uchunguzi huthibitisha kwamba mashine inafanya kazi. Kwamba hesabu za mteja zimo ndani ya kaseti na zinafunguka, hilo huthibitishwa kwa kuzirudisha tu.